Maji ya Tumboni Yapimwe, Dawa Isikawie

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mgonjwa anayeona haya kuutaja ugonjwa wake. Hata hivyo, yapo maradhi yanayojificha yenyewe bila ya mgonjwa kuyasitiri. Miongoni mwayo ni maambukizi ya maji ya tumboni kwa watu ambao maini yao yamesinyaa na kujaa makovu, hali ambayo matabibu huiita sirosisi. Mgonjwa wa aina hii anaweza kupata homa na maumivu ya tumbo. Anaweza vilevile asipate lolote kati ya hayo, ila akaanza kuchanganyikiwa, kusinzia mchana kutwa au kupungukiwa na mkojo. Wanaomwuguza husema kuwa ini ndilo limezidi. Kumbe bakteria wamekwisha kuingia katika maji yaliyomjaa tumboni, na muda wa kumwokoa unayoyoma.

Hoja inayotetewa katika makala haya ni moja. Kila mgonjwa wa sirosisi aliyejaa maji tumboni, anapolazwa hospitalini au hali yake inapobadilika akiwa wodini, achotwe maji hayo na yapimwe siku iyo hiyo, kabla ya kiuavijasumu cha kwanza kuingia mshipani. Yakishachotwa, dawa nayo isicheleweshwe. Jambo hili si geni katika vitabu vya utabibu. Ugeni wake umo katika utekelezaji. Wala kasoro hii si ya mataifa maskini peke yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2014, uliohusu zaidi ya wagonjwa 17,000 waliolazwa katika hospitali za Marekani wakiwa na sirosisi na maji tumboni, ulibaini kuwa ni asilimia 61 tu waliochotwa maji. Waliochotwa walifariki wachache kuliko wasiochotwa. Ikiwa nchi yenye maabara katika kila mji imeteleza hivyo, ni dhahiri kuwa tatizo halitokani na uhaba wa vifaa pekee. Limo pia katika mazoea na katika woga.

Ili kuuelewa uzito wa hoja hii, ni sharti kwanza ieleweke jinsi maambukizi haya yanavyozuka. Damu itokayo matumboni hupitia katika ini kabla ya kurudi moyoni. Ini lenye afya huichuja na kuwanasa bakteria waliopenya kutoka katika utumbo. Ini linapoharibiwa kwa miaka mingi, iwe ni kwa pombe, kwa virusi vya homa ya ini aina ya B au C, au kwa mafuta yaliyorundikana, nyama yake laini hugeuka makovu. Damu hukosa njia, shinikizo hupanda katika mishipa ya tumbo, na maji huvuja na kukusanyika ndani ya utando wa tumbo. Wakati uo huo kuta za utumbo hulegea na kuwapisha bakteria wanaoishi humo, hasa Escherichia coli, Klebsiella na jamii ya streptokoki. Maji yaliyokusanyika huwa na uhaba wa protini za kinga, hivyo bakteria wakiyafikia hawapati wa kuwazuia. Utumbo haukutoboka wala tumbo halikuchomwa kisu, lakini maambukizi yamezuka. Ndiyo maana wataalamu wameyapa jina la maambukizi yanayozuka yenyewe.

Historia ya tiba yake ni ushahidi kuwa binadamu hakuumbwa kushindwa. Mwaka wa 1964 daktari Harold Conn wa Marekani aliyaeleza maambukizi haya kwa kina katika jarida la utabibu. Katika enzi hizo, zaidi ya wagonjwa 80 kati ya 100 waliopatikana nayo walifariki. Mnamo mwaka wa 1985 madaktari wa Barcelona, nchini Uhispania, walilinganisha dawa mpya ya wakati huo, sefotaksimu, na mseto wa ampisilini na tobramaisini. Sefotaksimu iliponya wengi zaidi na haikuziumiza figo kama mseto ule. Mwaka wa 1991 ilidhihirishwa nchini Marekani kuwa siku 5 za dawa hii zinatosha sawa na siku 10. Kisha mwaka wa 1999 madaktari wa Uhispania wakatangaza matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 126. Nusu walipewa sefotaksimu pekee, na nusu wakaongezewa albumini, ile protini ya damu inayoyazuia maji yasivuje kutoka mishipani. Walipewa gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito siku ya kwanza na gramu 1 kwa kila kilo siku ya tatu. Figo ziliharibika kwa asilimia 33 ya waliopata kiuavijasumu pekee, lakini kwa asilimia 10 tu ya walioongezewa albumini. Waliofariki hospitalini walikuwa asilimia 29 katika kundi la kwanza na asilimia 10 katika kundi la pili.

Yapo mafunzo mawili katika takwimu hizi. La kwanza ni kuwa kiuavijasumu kilicho sahihi huokoa maisha. La pili, ambalo husahauliwa upesi, ni kuwa kiuavijasumu pekee hakitoshi. Mgonjwa huyu mara nyingi hauawi na bakteria moja kwa moja. Huuawa na figo zinazokata tamaa wakati bakteria wanapopigwa vita. Lakini daktari hawezi kujua nani anastahili albumini, wala nani anastahili siku tano za sindano, pasipo kujua kilichomo ndani ya maji. Kipimo chenyewe hakina ushirikina. Maji kidogo hupelekwa maabara na kuhesabiwa seli nyeupe za aina ya nutrofili. Zikifika 250 au zaidi katika milimita moja ya ujazo, mgonjwa huanzishiwa dawa papo hapo. Sehemu nyingine ya maji hayo hutiwa katika chupa maalumu za kuoteshea bakteria, palepale kitandani, ili baada ya siku mbili au tatu ajulikane adui ni nani na dawa ipi inamweza. Hata bakteria wasipoota, na mara nyingi hawaoti, hesabu ya seli hubaki kuwa kigezo cha kuanza tiba.

Suala la muda nalo halina mzaha. Utafiti mwingine uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2014 uliwalinganisha wagonjwa waliochotwa maji ndani ya saa 12 tangu wafike hospitalini na wale waliochotwa baadaye. Waliocheleweshwa walikuwa katika hatari ya kufa mara 2.7 zaidi, na kila saa moja ya kuchelewa iliambatana na ongezeko la takriban asilimia 3.3 katika vifo. Ni kweli kuwa utafiti wa namna hii hauthibitishi kila kitu, kwani waliocheleweshwa huenda walitofautiana na wenzao kwa mambo mengine. Hata hivyo, mtu mwenye busara hahitaji kuungojea moto uteketeze paa ndipo aamini kuwa moshi una maana.

Je, ni nini basi kinachowazuia watu kuchotwa maji mapema? Kizuizi cha kwanza ni hofu. Wapo wanaoamini kuwa mwenye tumbo lililojaa maji akishatobolewa hana siku nyingi duniani. Imani hii haikuzuka pasi na chanzo. Pale ambapo sindano huahirishwa hadi mgonjwa amezirai, mkojo umekatika na shinikizo la damu limeporomoka, kifo hufuata nyuma ya sindano kwa ukaribu mno, na lawama ikaiangukia sindano. Lakini jambo kulifuata jingine si hoja kwamba limesababishwa nalo. Kuchota mililita chache za kupima kwa sindano nyembamba ni tendo lenye hatari ndogo. Kuvuja damu kwa kiasi cha kutishia maisha hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya 1000. Hata wale ambao damu yao huganda kwa shida, kama ilivyo kwa wengi wenye maradhi ya ini, kwa kawaida huchotwa bila ya kuongezewa plazima kwanza. Aidha, kuchota kidogo kwa ajili ya kupima kusichanganywe na kumimina lita nyingi ili kumpunguzia mgonjwa uzito wa tumbo. Kumimina zaidi ya lita tano bila ya kurudishia albumini kunaweza kweli kuuyumbisha mwili. Kuyaweka mambo haya mawili katika kapu moja ni kumnyima mgonjwa kipimo kwa kosa lisilo lake.

Kizuizi cha pili ni mazoea ya kutanguliza dawa. Wapo watakaouliza: ikiwa saa zina thamani kiasi hicho, kwa nini mgonjwa asipewe seftriaksoni mara tu anapofika, na maji yakapimwa baadaye? Swali hili ni la haki na linastahili jibu. Ikiwa mgonjwa yu katika hali ya kukata roho na hapana awezaye kumchota wakati huo, dawa isisubiri. Hilo halina ubishi. Lakini kwa walio wengi, kuchota maji ni kazi ya dakika chache, na kuiruka kunaleta hasara tatu. Kwanza, dozi moja tu ya kiuavijasumu yaweza kuwaangamiza bakteria wa kutosha kuifanya chupa ya kuoteshea isioneshe kitu, ilhali waliosalia ndio wakaidi. Pili, si kila maji ya tumbo yenye matatizo yana ugonjwa huu. Huenda utumbo umetoboka, na hapo mgonjwa anahitaji kisu cha daktari wa upasuaji na wala si sindano peke yake. Huenda pia ni kifua kikuu kilichoingia katika utando wa tumbo, jambo ambalo halipaswi kusahauliwa katika nchi kama Kenya. Hapo maji huwa yamejaa seli za aina ya limfu, na seftriaksoni haitafua dafu. Tatu, asiyekuwa na maambukizi kabisa atamezeshwa na kudungwa dawa asiyoihitaji, na gharama yake italipwa na wengine.

Hasara hii ya tatu yahitaji kufafanuliwa. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani liliviainisha viuavijasumu katika makundi matatu: vinavyofaa kutumiwa kwa wingi, vinavyopaswa kutumiwa kwa uangalifu, na vya akiba. Sefotaksimu na seftriaksoni zimo katika kundi la pili. Mwaka uo huo serikali ya Kenya ilitoa sera ya kitaifa ya kukabiliana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Pamoja na hayo, seftriaksoni ni miongoni mwa viuavijasumu vinavyotumiwa sana katika wodi za nchi hii, na si ajabu mtu kuingia katika duka la dawa bila ya cheti cha daktari akatoka na vidonge vitatu vya kiuavijasumu mkononi. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini, alionya katika hotuba yake ya Nobel ya mwaka wa 1945 kuwa dozi pungufu huwafunza bakteria kuihimili dawa. Matokeo yake yanaonekana katika ugonjwa huu wa ini. Jaribio dogo lililochapishwa mwaka wa 2016 na madaktari wa Italia liliwahusu watu waliopata maambukizi haya wakiwa wamekwisha kulazwa. Seftazidimu, ndugu wa sefotaksimu, iliwatibu asilimia 25 tu, ilhali mseto wa meropenemu na daptomaisini uliwatibu asilimia 86.7. Dawa ya jana imeshindwa na bakteria wa leo, na ile inayowaweza ni ghali na si kila hospitali inayo. Ndiyo sababu maji huchotwa tena baada ya saa 48. Nutrofili zisipopungua angalau kwa robo, dawa ibadilishwe au utumbo uchunguzwe upya.

Kizuizi cha tatu ni gharama, nacho hakipaswi kupuuzwa. Chupa ya albumini ni ghali, na kumwambia mtoto wa mkulima kuwa babaye anahitaji chupa kadhaa ni kumbebesha gunia juu ya gunia. Lakini hoja ya gharama hutumiwa kupita mipaka yake. Sindano, hadubini na kioo cha kuhesabia seli si vitu vya ajabu. Maabara iwezayo kuhesabu seli za maji ya uti wa mgongo yaweza pia kuhesabu seli za maji ya tumbo. Albumini ikiwa haba, wapewe kwanza wale ambao dalili zinaonesha figo zao zimo hatarini, yaani wenye umanjano mkubwa au ambao vipimo vya figo vimekwisha kupanda. Fauka ya hayo, lipo jambo lisilogharimu hata senti moja, nalo ni kujiepusha na kinachodhuru. Jentamaisini, dawa rahisi na ya kawaida, ni adui wa figo za mwenye sirosisi. Vivyo hivyo dawa za kutuliza maumivu za aina ya diklofenaki na ibuprofeni. Kumwondolea mgonjwa dawa hizi ni tiba isiyo na bei.

Hata baada ya kupona, safari haijakwisha. Bila ya kinga, maambukizi haya hurejea kwa wengi. Katika jaribio la Uhispania la mwaka wa 1990, asilimia 68 ya wasiopewa kinga walikadiriwa kuugua tena ndani ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na asilimia 20 ya waliomeza norofloksasini kila siku. Pale ambapo dawa hiyo haipatikani, siprofloksasini au kotrimoksazoli hutumiwa badala yake. Lakini kinga hii isigeuzwe kuwa peremende ya kila mwenye maji tumboni, kwa kuwa kuitumia ovyo ni kuwalisha bakteria usugu. Kinga iliyo kubwa zaidi ni kukizuia chanzo. Aache pombe aliyeathiriwa na pombe, apewe dawa ya virusi mwenye virusi, na wachanjwe wachanga dhidi ya homa ya ini aina ya B, chanjo ambayo imo katika mpango wa kitaifa wa Kenya tangu mwaka wa 2001.

Huenda msomaji akauliza, haya yanawahusu nini wanafunzi wa Kiswahili? Yanawahusu sana. Mgonjwa hukubali au hukataa sindano kwa maneno. Akiambiwa kwa Kiingereza kitakachofanywa, atatikisa kichwa asijue anaitikia nini. Au atakataa, na jina lake litaandikwa miongoni mwa waliokataa matibabu, hali ukweli ni kuwa alikataa asichokielewa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu ampashe mgonjwa habari, panapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Kiswahili nacho hakina umaskini wa kuyasema haya. Lipo neno la kale istiska, lenye asili ya Kiarabu, kwa ajili ya maradhi ya kujaa maji. Yapo ini, utando, makovu, usaha na figo. Yapo pia maneno mepesi ambayo muuguzi yeyote aweza kuyatamka kando ya kitanda: "Mama, maji haya yaliyokujaa tumboni huenda yameingiwa na vijidudu. Tungependa kuchota kidogo kwa sindano, tuyapime leo hii, ili ujue dawa ikufaayo. Utahisi mchomo mdogo tu. Sindano hii haimalizi maisha. Inatafuta kinachotaka kuyamaliza." Maneno hayo machache yaweza kufanya kazi ambayo chupa ya dawa haiwezi, kwani ndiyo yanayoufungua mlango wa dawa.

Vyama vya Kiswahili katika vyuo vikuu vimezoea kujadili istilahi za isimu na za fasihi, na hilo ni jema. Lakini msamiati usiofika wodini haujamfaa aliye mgonjwa. Ingefaa wanafunzi wa lugha waketi pamoja na wenzao wa vitivo vya utabibu, waandike ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu na chepesi unaoeleza kuchotwa maji ya tumbo, sababu zake na hatari zake, kisha ukurasa huo upelekwe katika hospitali za kaunti. Ukurasa huo mmoja ungekuwa mchango halisi wa lugha katika uhai wa watu.

Kwa kuhitimisha, mwenye sirosisi anayeanza kuchanganyikiwa asikisiwe tu kuwa ini limezidi. Jamaa zake waulize swali moja bila ya woga: je, maji yamepimwa? Daktari alijibu swali hilo kwa vitendo, tena siku iyo hiyo. Kiuavijasumu kifuate mara moja, kiwe ni kile kifaacho, kwa siku zinazotosha, na figo zilindwe. Mengi katika ugonjwa huu yamo nje ya uwezo wa mwanadamu, lakini bomba la sindano na hadubini haviko mbali. Kumwacha mtu afe kwa maji ambayo hakuna aliyeyatazama ni hasara isiyo na udhuru.